DAWA YA MSOKOTO WA TUMBO: SEMA YOTE KABLA YA KUMEZA



Ukitaka kunyunyizia viazi dawa ya ukungu na dawa ya wadudu siku moja, huzimimini tu dawa hizo mbili katika bomba moja na kuanza kazi. Wasoma karatasi kwanza, au wamwuliza Bwana Shamba kama dawa hizo zapatana. Wajua ya kwamba dawa nyingine zikikutana huganda, na nyingine huunguza majani. Jambo hili umefundishwa, nawe umelizoea.

Lakini tumbo likikusokota, mambo huwa mengine. Wafika dukani umejikunja, wasema, "Nipe dawa ya tumbo," walipa, wameza, warudi kazini. Huulizwi neno, wala husemi neno. Ndani ya mwili wako huenda mna dawa ya mafua uliyomeza asubuhi, dawa ya pumu, au ugonjwa wa moyo ambao umekaa nao miaka mitano. Mwili nao ni kama bomba lile: vitu vikikutana ndani yake, vyaweza kupatana au kugombana.

Mwezi huu, basi, tutazungumza juu ya kidonge cha kutuliza msokoto wa tumbo, na juu ya mambo yasiyopatana nacho. Mwandishi wa maneno haya ni karani wa ofisi ya kilimo, si daktari. Gazeti haliwezi kukupima wala kukuandikia dawa. Laweza kukufundisha maneno ya kusema mbele ya yule anayekupa dawa.

KIDONGE HIKI NI NINI?

Dawa za kutuliza msokoto ni nyingi, lakini iliyo maarufu katika maduka yetu ni ile iitwayo hayosini butilibromaidi. Wengi waijua kwa jina la Buscopan, ingawa viwanda vingi huitengeneza na kuiuza kwa majina mbalimbali. Juu ya kisanduku jina lake halisi huandikwa Hyoscine butylbromide. Ukiona maneno hayo mawili pamoja, jua ya kuwa ndiyo hii tunayoitaja. Kwa kawaida kidonge kimoja huwa na miligramu 10. Watu huitumia kwa msokoto wa matumbo na maumivu ya hedhi, na hospitalini hutolewa pia kwa sindano kwa maumivu makali ya njia za mkojo na za nyongo.

Dawa hii ilianza kuuzwa Ujerumani katika miaka ya mwanzo ya 1950, na asili yake ni shambani. Huko Queensland, Australia, wako wakulima wanaopanda mti uitwao Duboisia. Majani yake huvunwa na kukaushwa, na ndani yake hutolewa kitu kiitwacho hayosini. Kiwandani hayosini hiyo hubadilishwa kidogo ili isiingie kwa urahisi katika ubongo, bali ifanye kazi zaidi katika matumbo. Tena ikimezwa kwa kidonge, ni sehemu ndogo sana inayoingia katika damu. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye afya anayemeza kwa kipimo kilichoandikwa, kwa siku chache, aghalabu hapati taabu kubwa. Taabu huja pale kidonge kinapokuta jambo jingine ambalo halikutajwa.

MLANGO WA MAJI

Wakulima wa skimu za maji, kama Mwea au Perkerra, wataelewa upesi jinsi dawa hii inavyofanya kazi. Mfereji mkuu huleta maji, na kila shamba lina mlango wake. Ukiufungua, maji hupita. Ukiufunga, shamba hukauka.

Mwilini nako mishipa ya fahamu hutuma mjumbe aitwaye asetilikolini. Mjumbe huyu akifika katika utumbo, huuambia, "Jikaze, sukuma chakula." Akija kwa wingi kupita kiasi, utumbo hujikaza sana, nao ndio msokoto. Kidonge cha hayosini hufunga mlango ili mjumbe asiingie. Utumbo hulegea, na maumivu hutulia.

Sasa sikiliza neno lililo kubwa kuliko yote katika habari hii. Mjumbe huyo hafanyi kazi tumboni peke yake. Yeye ndiye aambiaye kinywa kitoe mate, ngozi itoe jasho, kibofu kisukume mkojo, mboni ya jicho ijikunje, na moyo uende polepole. Milango yake ni ya namna moja. Dawa ikiwa nyingi, au ikipata wenzake wa kuisaidia, hufunga na ile milango ambayo hukutaka ifungwe. Hapo kinywa hukauka, choo hufunga, mkojo hukataa kutoka, macho huona ukungu, jasho hukatika, na moyo hupiga mbio.

Ukilishika neno hili la milango, yote yanayofuata utayaelewa bila kuyakariri.

DAWA NA DAWA

Ziko dawa nyingine ambazo, ingawa zatibu magonjwa tofauti kabisa, nazo hufunga milango ile ile. Mtu akizimeza pamoja na hayosini, huwa kama ameweka kufuli mbili juu ya mlango mmoja. Dawa hizo ni kama hizi:

Kwanza, dawa za zamani za mafua na mwasho, kama klorfeniramini, ambayo wengi waijua kwa jina la Piriton, na prometazini. Angalia sana vidonge vya mafua vya kuchanganya, maana klorfeniramini mara nyingi imo ndani yake, nawe hujui.

Pili, amitriptilini. Dawa hii hutolewa kwa watu wenye huzuni nzito, na pia kwa wale ambao miguu yao huwaka moto usiku kwa sababu ya kisukari au mishipa iliyoumia.

Tatu, dawa za ugonjwa wa akili kama klorpromazini, na ile triheksifenidili ambayo hutolewa pamoja nazo ili kuzuia kutetemeka.

Nne, dawa za kuvuta kwa pumzi kama ipratropio na tiotropio, wanazopewa watu wenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu.

Ziko na dawa ambazo hazifungi mlango, bali hugombana na hayosini kwa njia nyingine. Metoklopramidi, ambayo hutolewa kuzuia kutapika, huamrisha tumbo lisukume. Hayosini huamrisha litulie. Ukizimeza pamoja, umewafunga nira ng'ombe wawili, mmoja avuta kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma. Plau haiendi. Salbutamoli, dawa ya pumu, huweza kuuendesha moyo mbio. Ikikutana na hayosini, mbio huzidi. Loperamidi, ambayo huzuia kuhara, huufanya utumbo uende polepole; pamoja na hayosini utumbo waweza kulala kabisa. Vidonge vya potasiamu navyo, vikikawia mahali pamoja ndani ya utumbo uliolala, huweza kuuchoma na kufanya kidonda.

Tena lipo jambo la parasetamoli. Vidonge vingine vya msokoto vimechanganywa na parasetamoli. Mtu hameza hivyo, kisha kichwa kikimwuma hameza Panadol, asijue ya kuwa amemeza kitu kile kile mara mbili. Mtu mzima asipite gramu 4 za parasetamoli kwa mchana na usiku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kupita hapo ni kuliumiza ini, na ini likiumia halipigi kelele mpaka siku imepita.

MZEE NA MWUZA DAWA

Tuseme kuna mzee mmoja ambaye tumbo limemsokota tangu jana. Amekwenda duka la dawa katika soko la skimu, na mwuza dawa ni binti aliyesomea kazi yake.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, binti. Tumbo lanisokota. Nipe kile kidonge cha tumbo niende zangu, ng'ombe hawajanywa maji."

"Pole sana, mzee. Kabla sijakupa, niambie: watumia dawa nyingine yo yote?"

"Hapana, situmii."

"Hata ya usiku? Hata ya mafua?"

"Ah! Ziko zile nilizopewa hospitali kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Nameza kimoja nikilala. Na za mafua nilinunua juzi. Lakini hizo si za tumbo."

"Na haja ndogo, mzee, yatoka vizuri?"

"Hiyo binti imenisumbua tangu mwaka jana. Naamka mara nne usiku, na ikitoka yatoka kwa shida."

"Mzee, kidonge hiki sitakupa leo. Nenda zahanati ukapimwe, na uchukue dawa zako zote mkononi."

Mzee aweza kukasirika, akadhani ananyimwa. Lakini hebu tazama. Dawa ya miguu ilikuwa amitriptilini. Ya mafua ilikuwa na klorfeniramini. Mkojo kutoka kwa shida, kwa mtu wa umri wake, huenda ni tezi dume iliyovimba na kuubana mkojo. Mlango wa kibofu tayari ulikuwa umefungwa nusu. Kidonge cha tatu kingeweza kuufunga wote. Mtu akifungika mkojo, kibofu hujaa kama ngozi ya ngoma, maumivu hayasemeki, na hapana dawa ya nyumbani. Ni lazima afikishwe hospitali atiwe mpira wa kutoa mkojo. Usiku wa mvua, barabara ikiwa matope matupu, safari hiyo si ndogo.

Maneno yaliyomwokoa mzee huyu ni machache: dawa ya miguu, dawa ya mafua, na haja ndogo. Yeye hakudhani kuwa yana faida kwa habari ya tumbo. Ndiyo maana nasema, sema yote, hata lile unaloona halihusu.

DAWA NA UGONJWA

Yako magonjwa ambayo mwenye nayo hapaswi kumeza hayosini, au asiimeze mpaka daktari akubali.

Presha ya jicho. Iko aina ambayo njia ya maji ya jicho ni nyembamba. Mboni ikipanuka kwa nguvu ya dawa, njia huzibika, na jicho huweza kupofuka. Baada ya kumeza, ukipata maumivu ya jicho, jicho likawa jekundu, na uone duara za rangi kuzunguka taa, nenda hospitali siku ile ile.

Tezi dume iliyovimba, kama tulivyoona.

Ugonjwa wa moyo, moyo kwenda mbio, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mwezi wa Februari 2017, idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia usalama wa dawa ilitoa onyo kwa waganga juu ya sindano ya dawa hii kwa watu wenye ugonjwa wa moyo, kwa kuwa walikuwako waliokufa baada ya kudungwa. Ile ni sindano, ambayo huingia katika damu yote mara moja. Kidonge ni kipole zaidi. Lakini ukilazwa kwa maumivu makali, nawe wajua moyo wako si mzima, mwambie nesi kabla ya sindano wala usingoje kuulizwa.

Ugonjwa wa misuli kulegea uitwao myasthenia gravis. Katika ugonjwa huu mjumbe asetilikolini tayari hafiki vizuri kwenye misuli. Mwenye ugonjwa huu asiguse dawa hii.

Utumbo uliozibika, uliopooza, au uliotanuka. Hapa dawa ni sumu kabisa, maana utumbo wahitaji kupasuliwa au kutibiwa hospitali, si kulazwa usingizi. Kwa watoto wenye minyoo mingi, minyoo yaweza kujifunga fundo na kuziba utumbo. Mtoto wa namna hiyo akisokotwa na kutapika bila kupata choo, mkimbize hospitali. Tena vidonge hivi havitolewi kwa mtoto wa chini ya miaka 6.

Kiungulia kibaya. Dawa hii huweza kuulegeza mlango wa juu wa tumbo, na tindikali ikapanda zaidi.

Homa na jua kali. Dawa hupunguza jasho, na jasho ndilo linalopoza mwili. Mtu mwenye homa, au anayevuna mahindi jua la saa saba, aweza kupandwa na joto kupita kiasi.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asimeze mpaka amewauliza wa kliniki.

Nayo maumivu yenyewe yana lugha yake. Ikiwa maumivu yanazidi badala ya kupungua, au yamehamia upande wa kulia chini ya tumbo, au una homa, unatapika, tumbo ni gumu na halitaki kuguswa, choo kina damu, au umezimia, basi acha kidonge. Hayo yaweza kuwa ni kidole tumbo au jambo jingine la kupasuliwa. Kidonge chaweza kukutuliza saa moja huku ugonjwa ukiendelea kuoza ndani, na saa hiyo moja ndiyo iliyokuwa ya kukufikisha hospitali.

DAWA NA CHAKULA

Wengi huuliza, "Je, nimeze kabla ya kula au baada ya kula?" Kwa dawa hii si kitu. Ugali, sukuma wiki, maziwa na chai havigombani nayo. Meza kidonge kizima kwa maji, usikitafune. Kunywa maji mengi na kula mboga na matunda, ili choo kisifunge.

Lakini pombe ni jambo jingine. Kwanza, pombe yenyewe huunguza tumbo, na mara nyingi ndiyo iliyoleta maumivu. Pili, ikiwa kidonge kina parasetamoli, pombe na parasetamoli hukutana katika ini. Tatu, ikiwa umemeza na dawa ya mafua au amitriptilini, pombe itakuzidishia usingizi, na mtu mwenye usingizi asipande pikipiki wala trekta.

Miraa nayo yafaa kutajwa. Miraa huendesha moyo mbio, hukausha kinywa, hufunga choo, na kwa wengine huzuia mkojo. Hayo ndiyo yale yale yanayofanywa na milango iliyofungwa. Ukiwa unatafuna, usimeze. Na ukiwa umemeza, usitafune.

MNANAHA: DAWA ILE ILE KATIKA MAGUGU

Mkulima, huenda una hayosini shambani mwako bila kuinunua. Liko gugu ambalo watu wa pwani huliita mnanaha, na kila kabila bara huwa na jina lake. Hupenda kuota karibu na boma, penye samadi, kando ya barabara na katikati ya mahindi na maharagwe. Majani yake ni mapana, yenye meno na harufu mbaya. Ua lake ni jeupe au la zambarau, mfano wa tarumbeta. Tunda lake lina miiba pande zote, na ndani mna mbegu nyingi ndogo, nyeusi au za kahawia.

Ndani ya gugu hili mna hayosini na ndugu yake atropini. Hayosini hii haikubadilishwa kiwandani, kwa hiyo huingia mpaka katika ubongo, wala hapana kipimo. Mtu akila mbegu zake ndani ya nafaka, au majani yake yaliyochumwa pamoja na mboga, milango yote hufungwa kwa pigo moja. Kinywa hukauka, ngozi huwa nyekundu na ya moto, mboni hupanuka, moyo hwenda mbio, na mtu huanza kusema ovyo na kushika vitu visivyokuwapo.

Jambo hili lilitokea kwa jirani zetu. Mwaka 2019, huko Karamoja na sehemu nyingine za Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watu 5 walikufa baada ya kula uji wa unga wa msaada. Wachunguzi walikuta atropini na hayosini katika unga ule, zilizotoka katika gugu la jamii hii lililochanganyika na mazao tangu shambani.

Kwa hiyo ng'oa mnanaha kabla haujazaa, ukivaa glavu au mifuko mikononi, na usijipanguse macho. Usiuvune pamoja na maharagwe. Pepeta na uchague nafaka kabla ya kupeleka kusaga. Usiuache uingie katika majani ya saileji. Waambie watoto wasichezee matunda yake. Na mtu akikwambia majani yake hutibu pumu au tumbo, kumbuka ya kuwa jani halina kipimo. Mtu aliyekwisha kumeza kidonge, kisha akaongezewa mnanaha, amezidishiwa sumu juu ya dawa.

MSOKOTO BAADA YA KUNYUNYIZIA

Hili ndilo la mwisho, nalo lahusu kazi yetu kuliko mengine yote.

Ziko dawa za wadudu na kupe za jamii ya oganofosfeti, kama diazinoni, dimetoati na malathioni. Mwilini mna kitu ambacho kazi yake ni kumwondoa mjumbe asetilikolini akiisha kutoa habari zake. Sumu hizi hukizuia kitu hicho. Wajumbe hujaa, na milango yote hubaki wazi, kama mifereji iliyobomoka usiku. Mate hutiririka, machozi hutoka, jasho hufurika, pua huvuja, mboni hujikunja na kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua hubana, misuli hutetemeka. Na moja ya dalili za kwanza ni msokoto wa tumbo pamoja na kuhara au kutapika.

Umeona hatari? Mkulima amenyunyizia asubuhi bila kifuniko cha mdomo, au amenyunyizia ng'ombe upepo ukimjia usoni. Adhuhuri tumbo lamsokota. Adhani amekula kitu kibaya, ameza kidonge cha msokoto, alala kivulini. Tumbo laweza kutulia kidogo, maana mlango mmoja umefungwa nusu, na wote nyumbani wakadhani amepona. Kumbe sumu yaendelea katika kifua na misuli, na mtu huweza kufa kwa kushindwa kuvuta pumzi.

Daktari hospitalini hutumia atropini kwa ugonjwa huu, akiitia katika mshipa mara kwa mara na kutazama pumzi na moyo wa mgonjwa. Asije mtu akasema, "Basi hata kidonge chetu ni cha jamii hiyo, chafaa." Hakifai. Kikombe cha maji hakizimi nyumba inayoungua.

Ukisokotwa siku ya kunyunyizia, fanya hivi. Toka mahali penye dawa. Vua nguo zote zilizolowa, uoge kwa maji mengi na sabuni. Anayekusaidia naye ajikinge mikono. Usijitapishe. Usimeze kidonge cha tumbo. Nenda hospitali hima, na uchukue chupa ya dawa uliyonyunyizia au karatasi yake, ili daktari ajue apambane na nini.

Nalo neno moja juu ya dawa za mifugo. Iko sindano ya hayosini iliyochanganywa na dipironi, ambayo madaktari wa mifugo huitumia kwa farasi na ng'ombe wenye msokoto. Ukiona jina la HYOS juu ya chupa hiyo, usidhani ni ile ile ya watu. Dipironi huweza kuharibu chembe nyeupe za damu ya mtu, na kipimo chake kimepangwa kwa mnyama. Dawa ya boma ibaki bomani.

KUMBUKA

Yakate maneno haya uyabandike ndani ya mlango wa kabati:

1. Kabla ya kumeza dawa ya msokoto, taja dawa zako zote: za hospitali, za duka, za mafua, za kuvuta kwa pumzi, na za mitishamba.

2. Taja magonjwa yako: jicho, moyo, mkojo, tezi, choo kufunga, kiungulia, na kama u mjamzito.

3. Taja ulichokunywa na ulichotafuna: pombe na miraa.

4. Taja kazi uliyofanya leo. Kama ulinyunyizia dawa, nenda hospitali na chupa mkononi.

5. Nunua kwa mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye leseni ukutani. Akikuuliza maswali mengi, usikasirike. Huyo ndiye mwuza dawa anayeijua kazi yake.

6. Maumivu yakizidi, au yakija pamoja na homa, kutapika au damu, usiongeze kidonge. Nenda upimwe.

Kama nyumbani kwako kuna mzee au nyanya ambaye hawezi kukumbuka majina ya dawa, mtengenezee mfuko mmoja wa kitambaa, na dawa zake zote zikae humo. Siku ya kwenda zahanati au dukani, auchukue mfuko wenyewe aumwage mezani, na mwuza dawa atasoma mwenyewe majina yaliyoandikwa.